Muua Bata ni Mfuga Konokono

Muua bata ni mfuga konokono. Juzi mlinisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu Elinipa, alipokuwa akimtupia mawe bundi wa ghalani huku panya wakimaliza mahindi yake, nanyi mkacheka mkidhani natania. Sikuwa natania. Hata mwanamke aliyeitamka methali hii mara ya kwanza hakuwa akitania. Aliitamka mbele za watu, uso ukimwaka kwa aibu. Mmeniuliza ilitoka wapi, basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Juu kule milimani Upareni, chini kidogo ya ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, kaya saba zilikuwa na kitalu kimoja cha mboga. Mtunzaji wake aliitwa Nakijwa. Kila kaya ilimkabidhi mbegu zake, kabichi na figiri na sukuma wiki, naye akaziotesha mpaka miche ifae kuhamishwa. Kisha pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, ilipigwa, watu wote wakaja siku moja kugawana miche na kusaidiana kupanda. Kitalu kikifa, kaya saba zinakula ugali kwa chumvi. Nakijwa alilijua hilo, na alijivunia kwamba miaka yote hakuwahi kuwaangusha.

Adui wa kitalu ni konokono, pamoja na nduguye asiye na nyumba, koa. Nakijwa alikuwa na njia aliyoachiwa na mama mkwe wake. Jioni alilaza vipande vya mgomba kati ya matuta. Alfajiri alivipindua, akawakuta wamejibanza chini yake, akawaokota mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo. Siku za ukavu alizungushia matuta majivu. Tena jirani yake, Bibi Namsifu, mjane mwenye mgongo uliopinda, alileta bata wake sita, akawapitisha katikati ya matuta, nao wakamaliza waliobaki na waliomo koponi. Ilikuwa kazi ya polepole na ya kuchafua, maana ute wa koa hautoki mkononi kwa maji matupu.

Masika moja akaja wifi yake kutoka mjini, mwanamke wa kucha za rangi. Akamkuta Nakijwa ameinama, kopo mkononi, ute umempanda hadi viwikoni.

"Wifi, mpaka leo unaokota konokono?" akauliza huku anacheka. "Kwetu hata kikongwe hafanyi hivyo. Watu wanamwaga dawa, wanalala zao."

Nakijwa alicheka naye, lakini neno lile lilimchoma. Hapo ndipo alipopotea, wajukuu zangu: aliona aibu mahali pasipo na aibu. Siku ya gulio alinunua pakiti ya vidonge vya rangi ya samawati. Alijua fika kwamba kaya saba zilikubaliana sumu isikanyage kitaluni, kwa kuwa mfereji unaopita pale hunywesha watu na ng'ombe wa chini. Akaificha pakiti ndani ya kanga, akavitawanya vidonge jioni, asimwambie mtu. Hata Bibi Namsifu hakumwambia. Angemwambiaje?

Bata hawakungoja kuitwa. Alfajiri walitangulia wenyewe, kwa mazoea, wakimwacha bibi yao anatafuta fimbo. Nakijwa alipofika aliwakuta wote sita wamelala kati ya matuta, shingo zimelegea, na dume lao lina chembe ya samawati mdomoni. Kisha akawakokota nyuma ya rundo la samadi, akawafukia upesi upesi. Alikuwa bado anafuta mikono aliposikia fimbo ikigonga mawe njiani.

"Mwanangu, hujawaona wale bata wangu?"

"Sijawaona, mama. Labda nguchiro."

Neno likishatoka halirudi. Watu walitega mitego ya nguchiro wiki nzima. Nakijwa mwenyewe alizunguka vichakani na Bibi Namsifu, akiita bata aliowazika kwa mikono yake. Walipochoka, bibi alimshika mkono akasema, "Mungu akubariki. Unanisumbukia kama niliyekuzaa." Nakijwa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mvua ikanyesha, vidonge vikayeyuka, koa wakarudi. Safari hii hapakuwa na wa kuwala. Nakijwa aliokota peke yake mpaka kiuno kikakataa, na kopo likijaa hakuwa na wa kumpelekea. Kila asubuhi tuta jingine lilibaki vijiti. Alfajiri moja alimsikia Bibi Namsifu uani kwake akiita, "Bata-bata-bata," kisha akanyamaza ghafla, kama aliyekumbuka. Nakijwa aliziba masikio.

Siku ya tisa tangu bata wafe, bibi akaja na kikapu. Ndani mlikuwa na mayai kumi na moja, yamelazwa kwenye pumba.

"Waliyataga kabla hawajapotea," akasema. "Nilitaka kuyala, roho ikakataa. Nimesikia kuku wako anaatamia. Mwekee haya. Wakitotolewa hapa kwako watakizoea kitalu tangu udogoni."

Nakijwa hakunyoosha mkono.

"Pokea basi, mwanangu. Mkono unaniuma."

"Mama, siwezi kuyapokea. Hakuna nguchiro. Ni mimi. Niliweka sumu ya konokono, wakaila. Nimewafukia kule nyuma ya samadi."

Bibi Namsifu alikitua kikapu chini taratibu. Aliitazama samadi.

"Wote sita?"

"Wote, mama. Nisamehe."

"Na ulizunguka nami vichakani ukiwaita."

Nakijwa alipiga magoti. Angetukanwa angepata nafuu, lakini bibi hakumtukana. Aliokota fimbo yake, akasema, "Mayai nimekuletea, siyarudishi. Ila wenzako wamemtega nguchiro wiki nzima. Hilo mimi sikusemei."

Pembe ya msaragambo ilipopigwa, kaya saba zilikuja na vikapu vyao. Walikuta matuta ya vijiti. Minong'ono ikaanza, na mzee mmoja akasema nguchiro huyu ana mkosi. Nakijwa alijitokeza mbele.

"Mwacheni nguchiro," akasema. "Muua bata ni mimi, nilileta sumu tuliyoikataza. Na tangu niwaue nimekuwa mfuga konokono. Tazameni mifugo yangu." Akapindua kipande cha mgomba. Koa walikuwa wamejaa chini yake, wanene, wanang'aa.

Mtu mmoja alicheka, halafu akaona hakuna anayemfuata. Waliondoka na vikapu vitupu. Kabla ya kuondoka walichimba udongo wote wa kitalu pamoja naye, wakautupa mbali na maji, na mwaka ule wakala mnavu na mchunga wa porini.

Jina likamganda. Hata gulioni waliita, "Mfuga Konokono!" naye akaitika, "Abee." Hakumnunia mtu. Yale mayai yalitoa bata wanane, na kopo akalishika tena, ute viwikoni, wala wifi alipokuja hakulificha. Na Bibi Namsifu aliposhindwa kutembea, Nakijwa hakuwapeleka bata kitaluni moja kwa moja. Kila alfajiri aliwapitisha kwanza mlangoni pa bibi, akasimama kando, akangoja mpaka bibi awahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, ndipo akaondoka nao.

Sasa nendeni mkamwambie Elinipa amwache yule bundi. Akiwauliza kwa nini, mwambieni nanyi msicheke: muua bata ni mfuga konokono.