Kwa Nini Watu wa Kivindo Humpokea Mtoto kwa Nguo Kuukuu

Hapo mwanzo, watu wa Kivindo hawakujua kiraka. Nguo iliyochakaa ilichomwa moto, na mtu alipofariki, siku ya tatu nguo zake zote zilipelekwa kwenye shimo nyuma ya kijiji zikateketezwa. Waliamini kwamba nguo hunywa uchovu wa mwenye kuivaa, na atakayeivaa baada yake ataurithi uchovu huo. Kwa hiyo hata mtoto mchanga alifungwa nguo mpya, iliyotoka moja kwa moja kwa mfumaji.

Na nguo mpya ya siku hizo ilikuwa ngumu. Wafumaji walizipaka nyuzi uji wa mhogo ili zisikatike, na hata ukiifua nguo mara kumi, bado ilikwaruza kama jani la msasa. Watoto walitokwa na vidonda, wakalia, wengine wakakataa kunyonya. Watu walisema ndivyo watoto walivyo.

Kijijini hapo aliishi Namkunda, mke wa mfuga nyuki aliyeitwa Mbonea. Mama yake, Nakijwa, alifariki msimu wa baridi, Namkunda akiwa na mimba ya miezi saba. Siku ya tatu alizikusanya nguo za marehemu ili azikabidhi kwa Mzee Senkoro, msimamizi wa shimo. Moja ikamshinda kuitoa. Ilikuwa shuka ya kahawia ambayo mama yake aliivaa miaka kumi na minne, akiifanya kata ya kubebea kuni, akiitandika shambani apumzike. Ilikuwa bado na harufu yake, moshi na mafuta ya nyonyo. Namkunda aliikunja akaificha chini ya kitanda, akijiambia ataipeleka kesho. Kesho ikapita, na kesho kutwa pia.

Wiki mbili baadaye uchungu ulimshika kabla ya wakati. Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo hata Mbonea aliogopa kumshika. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama utando wa maziwa. Walimfunga nguo mpya, na kufika mchana wa siku ya pili mgongo na mapaja yalikuwa yamechubuka, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Wakimfungua, baridi ilimtetemesha. Wakimfunga tena, alijikunyata kwa maumivu. Kunyonya hakutaka.

Namkunda alimwomba mumewe akachote maji. Mbonea alipotoka tu, Namkunda aliivuta ile shuka, akaichana katikati pale ilipolika zaidi, akamfunga mwanawe. Mtoto alishusha pumzi, akatulia. Mbonea aliporudi alimkuta ananyonya.

Aliitambua shuka mara moja. Akasema kwamba Mzee Senkoro lazima aambiwe, maana huenda wamekiletea kijiji kizima balaa. Namkunda hakumzuia. Aliijua adhabu: aliyeficha nguo ya marehemu alifukuzwa Kivindo hadi misimu miwili ya mvua ipite. Alimtazama mtoto, akajua hatamaliza hata siku moja njiani.

Mzee Senkoro alikuwa bonde la pili, akafika baada ya siku tatu. Aliketi, akaagiza mtoto afunguliwe amwone. Vidonda vilikuwa vimeanza kukauka.

"Hukuogopa uchovu wa mama yako umwingie huyu?" aliuliza.

"Sikuwaza hivyo, babu. Niliona anaumia, na hii haimuumizi."

Mzee alinyoosha mkono akaishika shuka. Kwa miaka thelathini alikuwa akizisukuma nguo motoni kwa mti, bila kuzigusa. Sasa aliisugua taratibu katikati ya vidole, akaiweka shavuni. Mbonea alisimama mlangoni akisubiri hukumu.

"Wajukuu zangu watatu nimewazika na vidonda kama hivi," Mzee alisema. "Nilidhani wamezaliwa navyo."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kile kipande kingine cha shuka kiko wapi, na kama Namkunda bado ana kazi nacho. Mkazamwana wa Mzee alikuwa karibu kujifungua. Namkunda alikitoa chini ya kitanda akampa kwa mikono miwili.

Na tangu siku hiyo, shimo la Kivindo halikuwashwa tena. Nguo za marehemu hufuliwa zikakatwa: upande uliobaki mzima hushonwa mbeleko, sehemu iliyolika huwa winda, na vipande vidogo huunganishwa kuwa blanketi. Mwanamke akishika mimba, majirani hufungua masanduku yao wakatafuta nguo iliyochoka kuliko zote. Kila anayeileta humtaja aliyeivaa: hii ya shangazi Nambua, hii ya marehemu babu, alivunia mahindi mwaka ule wa nzige. Mama husikiliza, akaipokea, akamfunga mwanawe, na mtoto akalala.