Sikio Chini ya Ukuta wa Ndiva

"Kabla hujamfunga kichaa, inama alipoinama."

Bibi Naelijwa aliyasema hayo huku akipukuchua maharage, maana wajukuu wake walikuwa wakimcheka jirani anayeongea peke yake njiani.

"Kwa nini mtu ainame, Bibi?" aliuliza Nambike. "Si amwulize tu?"

"Yuko mmoja zamani aliyeulizwa, hakusadikiwa. Ndipo maneno haya yalipozaliwa. Sikilizeni."

Hapo kale, huku kwetu milimani Upare, mashamba yalinyweshwa kwa ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo. Maji yalijaa usiku kucha, asubuhi kizibo kikatolewa, kila nyumba kwa zamu yake. Kiangazi kimoja watu wakawa wanaikuta ndiva imepungua nusu, na kizibo kiko palepale.

Wakaanza kutazamana. Mwenye mahindi mabichi aliitwa mwizi. Ndugu waliviziana kwenye migomba. Mwishowe macho yote yakamwangukia Nakiete, mjane mwenye watoto wawili. Kila alfajiri alionekana amelala kifudifudi chini ya ukuta wa ndiva, sikio ardhini.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza. Maji yanaongea huku chini."

Jibu hilo lilimponza. Wapo waliosema ni kichaa. Wengine walisema anajifanya kichaa, kumbe anayaita maji yamfuate. Wazee wakaamua afungwe, avushwe mto, asirudi tena. Watoto na shamba vibaki kwa shemeji yake, Kajiru. Kamba akapewa Kajiru huyohuyo.

Walimkuta palepale ukutani. Kajiru akamfunga mikono.

"Shemeji, weka sikio hapa. Mara moja tu."

"Ili nami nipagawe? Lete miguu!"

"Fanya haraka, asije akakuambukiza!" watu walicheka.

Kajiru akapiga magoti. Fundo la miguu lilikataa kukazika. Akainama zaidi, shavu likagusa nyasi. Ghafla mikono yake ikasimama.

"Nyamazeni," alisema.

"Haya, keshapagawa!"

"Nyamazeni, nimesema!"

Siku zote watu walifika pale kwa kelele na ugomvi wa zamu. Siku hiyo walinyamaza, na chini ya ukuta wakasikia maji yakitiririka.

Walichimba. Kaa wa mtoni walikuwa wametoboa njia hadi korongoni, pana kiasi cha kupitisha mkono. Mvua moja kubwa, ukuta ungeziangukia nyumba za chini.

Kajiru alifungua kamba. Alama zilikuwa nyekundu kwenye mikono ya Nakiete.

"Umesikia?" aliuliza yule mama.

"Nimesikia, shemeji. Nisamehe."

"Basi sikuwa peke yangu," alisema, na machozi yakamtoka.

Bibi alikung'uta maganda mapajani.

"Walimwuliza kiangazi kizima, wanangu. Aliyeinama alikuwa mmoja, naye aliinamishwa na fundo."

Njiani, jirani alikuwa bado anaongea. Safari hii hakuna aliyecheka. Nambike aliinuka, akavaa kandambili zake, akaanza kuteremka kumwelekea.

"Kabla hujamfunga kichaa," Bibi alisema taratibu, akimsindikiza kwa macho, "inama alipoinama."