Chungu cha Bi Thuy

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani hii hii ya simu za kamera, palikuwa na mke na mume wa Tanga, Mwanakheri na Nurdini. Walikuwa wameoana miaka tisa, wakajaliwa binti, Salha, na katika miaka yote hiyo Nurdini hakuteleka hata chai. "Mimi na jiko, mke wangu, hatujuani," alikuwa akisema. Watu wakacheka, Mwanakheri akapika.

Basi wakajaliwa safari ya Vietnam. Walipofika mji wa Hoi An, Mwanakheri akataka wajifunze mapishi ya wenyeji. Mwalimu wao alikuwa Bi Thuy, mama wa makamo, mkali wa macho, mwepesi wa kucheka. Pishi la siku ile lilikuwa samaki wa chunguni: unayeyusha sukari mpaka igeuke rangi, unamimina maji ya dafu na mchuzi wa dagaa waliochachushwa kwa chumvi, kisha unamlaza samaki humo mpaka mchuzi uwe mzito. Na Bi Thuy alikuwa na desturi yake. Darasa likiisha, chungu kilichopika vizuri kupita vyote humpa mpishi wake aende nacho kwao. Mpishi mmoja tu, hata kama wamepika wawili.

Mwanakheri akakitamani chungu kile. Tangu aolewe, upishi wake haujawahi kumpatia kitu ila vyombo vya kuosha.

Wakaenda sokoni. Nani alifunua mashavu ya samaki kutazama kama bado mekundu? Mwanakheri. Wakarudi jikoni. Nani alimpara samaki? Mwanakheri. Nani alikata tangawizi, akakata vitunguu, akatwanga pilipili mpaka machozi yakamtoka? Mwanakheri. Na Nurdini? Nurdini alipiga picha.

Ikafika zamu ya sukari. Mwanakheri akaitia chunguni, akakoroga, akageuka kidogo kuchukua dafu. Nurdini akainua pua, akaitupa simu mezani.

"Inaungua hiyo! Nipishe!"

Akanyakua mwiko, akakitoa chungu motoni, akakizungusha, akangoja kidogo, akamimina dafu. Mvuke ukapanda. Sukari ikatulia, rangi ya kahawia, haina uchungu hata chembe. Wala hakumuuliza mwalimu. Mkono ulikwenda wenyewe.

Vyungu vyote vikaonjwa, chao kikashinda. Bi Thuy akakishika kwa kitambaa, akauliza, "Nimpe nani?"

"Mimi," akasema Nurdini, tena bila haya. "Pishi hili ni sukari. Ingeungua, samaki angetupwa. Nani aliiokoa?"

Mwanakheri akamtazama. "Baba Salha, sukari umejifunzia wapi?"

Nurdini akajikuna kisogo. "Mama alikuwa akipika kashata za kuuza. Mshika mwiko nilikuwa mimi, mpaka nilipooa."

Loo! Kumbe! Mwanakheri akakumbuka alipojifungua Salha. Wapo wawili tu nyumbani, homa imemshika, na Nurdini amesimama mlangoni mwa jiko akisema hajui hata kiberiti kinakaa wapi. Akainuka mwenyewe, mzazi wa juzi, akajipikia uji huku anatetemeka. Sasa hasira zikampanda, na mimi ninayesimulia simlaumu. Mimi ningemwaga mchuzi.

"Chungu ni changu," akasema. "Samaki nilimchagua mimi, nikampara mimi, nikamuunga mimi. Wewe umekuja na mwiko mmoja. Na mkono wako huo ulikuwa wapi siku ya uji wangu?"

Nurdini akaona maji yamezidi unga, akampigia mamake simu amtetee. Bi Mwanasha akatokea kwenye kioo, ushungi begani. Akasikiliza yote, akaguna.

"Mwiko nilimshikisha mimi. Na siku ya harusi nikamwambia mimi: mwanangu, wakijua unajua, utapikishwa mpaka kufa. Basi mkono ule ni wangu, na chungu ni changu. Nileteeni."

"Niwie radhi, mama," akasema Mwanakheri. "Kumbe aliyeninyima uji wangu wa uzazi ni wewe?"



"Mtandao unasumbua huku," akasema Bi Mwanasha, na simu ikakatika.

Nurdini akanyoosha mikono. Mwanakheri akanyoosha yake. Bi Thuy akamtazama huyu, akamtazama yule. "Kinaniunguza," akasema. "Nimpe nani?"

Haya, nyinyi mliokaa hapo, msinitazame mimi. Mmoja alimjua samaki, akapika miaka tisa pasipo asante. Mmoja aliokoa pishi kwa mkono ambao yeye aliuficha siku mkewe alipokuwa na homa. Na yule wa kwenye simu aliufundisha mkono ule kupika, kisha akaufundisha kujificha. Chungu ni kimoja, na Bi Thuy vidole vinamuuma.

Je, nani alistahili kukibeba? Na kikifika Tanga, nani wa kukiteleka?