Bomba Moja la Kinyangamba

Sogeeni, na anayetafuna amalize kutafuna. Fumbo langu halina sultani wala binti yake. Lina kisima, pampu, na fomu ya ofisi yenye mstari mmoja.

Mjini Kinyangamba waliishi watu watatu. Gunda, fundi pancha, upepo ukitoroka popote alijua umepitia wapi. Nyamizi, fundi cherehani, aliisikiliza mashine ikizunguka akakwambia inaumwa wapi. Na Mzee Mkumbo, mlinzi wa idara ya maji, alikumbuka kila kitu, hata yale ambayo wakubwa wake wangependa yasahaulike.

Basi pampu mpya ya mji ikawa inateremshwa kisimani. Waraka wa idara ulikataza kushusha mizigo kisimani kwa mashine ya umeme, kwa hiyo ikaning'inizwa kwenye cheni bloku ya upepo, winchi ya mnyororo: kompresa inasukuma upepo kwenye mpira, upepo unazungusha mota, mota inaendesha cheni. Ilipofika katikati, mafundi wakaenda kula. Kurudi, wanabonyeza kitufe, kimya. Mafundi wakaondoka kutafuta spea, na mpaka leo wanatafuta.

Mji ukanywa maji ya lambo, pamoja na ng'ombe. Watoto wakaanza kuharisha. Kaimu Meneja wa idara, aliyekuwa akikaimu mwaka wa kumi na moja, akaandika barua makao makuu. Makao makuu wakajibu kwamba barua imepokelewa.

Siku ya saba akatangaza: "Atakayeitengeneza ataunganishiwa bomba hadi uani kwake!"

Gunda akaja wa kwanza. Akaifunga pampu kwa mnyororo wa akiba isije ikaanguka, akawasha kompresa, akatazama mshale wa geji ukipanda kwa uvivu. "Upepo unatoroka," akasema. Alikuwa na kikombe kimoja cha maji safi, cha mama yake mgonjwa. Akakitazama kitambo, akakoroga sabuni, akapaka mpira. Kwenye kiungo kimoja povu likachemka. Akafunga upepo, akakata palipochakaa, akakaza upya. Mshale ukapanda. Akabonyeza kitufe: mota ikakoroma, haikuzunguka.

"Umeiamsha, kaka, lakini bado haijanawa uso," akasema Nyamizi, akatega sikio. "Hii imekauka ndani. Cherehani yangu hulia hivihivi." Stoo ya idara ilikuwa na mafuta, ila yalihitaji sahihi ya mtu aliye likizo. Nyamizi akaenda nyumbani, akaleta kichupa chake, mafuta yake ya mwisho, na sare za shule zikiwa mezani hazijashonwa. Upepo ukafungwa, akachomoa mpira, akadondosha mafuta pale upepo unapoingilia, ukarudishwa. Mota ikaanza kuzunguka kwa sauti laini. Cheni ikasogea vidole viwili. Ikasimama, na mnyororo wa akiba bado umelegea.

Watu wakaguna. Mzee Mkumbo, aliyekuwa langoni siku zote saba, akaja polepole, kofia mkononi.

"Wanangu, mashine nayo hupumua. Mmeipa pa kuvutia. Pa kutolea nimepaziba mimi."

"Wewe, mzee?" Nyamizi akashtuka.

"Siku ile kulikuwa na kikao ofisini. Wakasema mlio unawasumbua, nikaletewa karatasi: kelele ikomeshwe. Mafundi walipokwenda kula, nikasokomeza gunia kwenye tundu la kutolea upepo."

"Kikao cha nini?" Gunda akauliza.

"Cha kero ya maji."

Hakuna aliyecheka, maana Kaimu Meneja alikuwa amesimama pale pale. Mzee alibakiza miezi minne astaafu, na karatasi ile haikuwa na sahihi. Alilijua hilo, na bado akapanda hadi kwenye mota, akalichomoa gunia mbele ya macho ya mkubwa wake. Wakaufungua mnyororo wa akiba. Mashine ikapiga kelele ya kuziba masikio, pampu ikashuka hadi chini, ikaunganishwa, ikawashwa. Jioni ile Kinyangamba ilikunywa maji.

Kaimu Meneja akatoa fomu. *Jina la aliyetengeneza.* Chini yake: *Usizidishe jina moja.*

"Mwandike Gunda," akasema Nyamizi, "mama yake hajiwezi. Ila sikio langu nalo lisisahaulike."

"Mwandike Nyamizi," akasema Gunda, "bila mafuta yake tungekuwa bado tunaisikiliza ikikoroma. Ila kikombe kile kilikuwa cha mwisho."

Mzee Mkumbo akasema, "Mimi msiniandike. Niliyeziba si fundi." Akasugua goti. "Ingawa kwangu ndiko mbali zaidi, na magoti haya..."

Ondoa mmoja wao, pampu ingali inaning'inia. Aliyeziba akazibua, tena kwa kuhatarisha mkate wake, je, ametengeneza, au amelipa kosa lake tu? Na kosa ni la mkono uliosokomeza gunia, au la karatasi?

Kaimu Meneja, kama desturi, ameahirisha. Fomu iko mezani, kalamu ina wino, na bomba ni moja. Wewe unayenisikiliza, ungeandika jina la nani?