Mwanakheri na Duka la Chukua Tu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mji!

Na mjini mna nini?

Mna duka!

Na dukani yumo nani?

Mbona kimya? Mnaogopa kumtaja? Haya, nitamtaja mwenyewe, lakini mkae vizuri. Na wewe unayechokonoa mkeka, uache, mkeka haujakukosea.

Hapo kale palikuwa na mji ukiitwa Pitapita. Watu wake hawakujua kutulia. Ukimuuliza mtu hali yake, alikujibu akiwa ameshafika nyumba ya tatu. Na aliyewashinda wote kwa kukosa kituo alikuwa mwanamke mmoja, jina lake Mwanakheri. Chai aliinywa amesimama. Nywele alisukwa huku akifagia ua, msusi akimfuata nyuma na kitana mkononi.

Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya karafuu. Nyumbani alibaki yeye na bintiye wa pekee, Semeni, mtoto wa miaka minne. Mambo mengine yote Mwanakheri aliyapita mbio, lakini Semeni akimwita, alisimama. Alimpenda mno mtoto yule.

Wanawake wa Pitapita wakienda kununua vitu walibeba vikapu vya ukindu. Mwanakheri hakuwa na kikapu. Chake kilikatika mikono zamani, na kushona kingine kunataka mtu akae kitako. "Nani ana muda wa kukaa?" Basi akawa anaazima kwa majirani. Na desturi ya mji ule ilikuwa moja: mtu harudishi chombo cha mwenziwe kitupu. Umeazimwa kikapu, ukirudishe na chochote, ndimu mbili, kipande cha muhogo, hata kitunguu. Ukikirudisha kitupu, utasemwa visimani mpaka uzeeke.

Siku moja duka jipya likafunguliwa njia panda. Mwenye duka alivaa kanzu safi na kilemba kikubwa ambacho hakukivua hata kwa joto. Watu walimwita Bwana Chukua Tu. Hawakujua, wanangu, kwamba yule hakuwa mtu. Alikuwa zimwi, na chini ya kile kilemba, pale kisogoni, alikuwa na mdomo wa pili.

Basi Mwanakheri akaingia mbio, mikono mitupu, akataka vitunguu na nyanya.

"Umekuja na chombo?" akauliza Bwana Chukua Tu.

"Sina, Bwana. Nimetoka haraka."

"Si neno. Chukua tu mfuko wangu."

Akamtolea mfuko mweupe, mwepesi, usio na mshono wala uzito, kama hii mifuko ya nailoni mnayoiona nyinyi siku hizi. Mwanakheri akafurahi. Akasema lile neno ambalo kila mwanamke wa Pitapita hulisema akipewa chombo, bila hata kufikiri:

"Ahsante, nitakurudishia."

Zimwi akatabasamu kwa mdomo wa mbele. Wa nyuma ukajilamba.

Siku ya pili akaenda kununua mchele. "Umekuja na chombo?" "Sina, Bwana. Nimetoka haraka." "Chukua tu." "Ahsante, nitakurudishia."

Siku ya tatu akaenda kununua unga. "Umekuja na chombo?" "Sina, Bwana. Nimetoka haraka." "Chukua tu." "Ahsante, nitakurudishia."

Mifuko ikawa mitatu, ikining'inia jikoni kwenye msumari. Ikaanza kuchakarika. Chakara, chakara, chakara. Hakuna upepo, dirisha limefungwa, nayo inachakarika tu. Mwanakheri akiwasha moto, chakara. Akipakua, chakara. Akaitupa jalalani, akirudi jikoni akaikuta msumarini. Akaifukia nyuma ya choo, akirudi jikoni akaikuta msumarini. Akaitia motoni, ikatoa moshi wa kukereketa koo, na moshi ulipoisha, ikawa msumarini.

Moyo ukamwenda mbio. Hata Semeni akaanza kulala ameziba masikio.

Basi siku moja, baada ya sala ya alasiri, akasikia mlangoni, "Hodi! Hodi! Hodi!"

Alikuwa Bwana Chukua Tu.

"Nimefuata vyombo vyangu, jirani. Ulisema utanirudishia."

Mwanakheri karibu amkumbatie. Akaikimbilia ile mifuko, akamkabidhi. "Hii hapa, Bwana, ichukue yote!"

Zimwi akaipokea, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Jirani. Kwenu mtu hurudisha chombo kitupu?"

Uso wa Mwanakheri ukawaka kwa aibu. Akakimbia akaleta mkungu wa ndizi, akautia katika mfuko wa kwanza. Mfuko ukaumeza wote, ukabaki umelala kama haukutiwa kitu. Akaleta pishi zote za mchele, akazimimina katika mfuko wa pili. Ukazimeza, ukabaki umelala. Akageuka kutafuta cha kutia katika mfuko wa tatu, na ndani hamkuwa na kitu tena.

"Usihangaike," akasema zimwi. "Mwenye chombo ndiye achaguaye."

Akaufungua mfuko wa tatu mbele ya Semeni aliyekuwa akicheza kizingitini. Fyuu! Mtoto akaingia, na zimwi akaondoka bila kuacha nyayo mchangani.

Mwanakheri akapiga yowe. Majirani wakaja. Ndipo mambo yakafumuka. Huyu alikuwa amechukuliwa mbuzi, yule cherehani, mwingine mlango mzima wa nyumba na komeo lake. Kila mmoja aliona haya kusema, maana nani atakiri kwamba alikutwa akirudisha chombo kitupu?

Bi Mize, bibi mmoja fundi wa ukili, ule mkanda wa ukindu unaosukwa kisha ukashonwa kikapu, akamshika mkono.

"Usilie, mwanangu, bado yu hai. Zimwi hali kitu kibichi. Huvundika kwanza, kama sisi tuvundikavyo ndizi. Siku tatu. Jua la siku ya tatu likizama, basi tena."

"Nifanyeje, Bi Mize?"

"Mpelekee kitu katika chombo. Kwa neno la chombo kakushika, na kwa neno la chombo utamshika."

"Niazime kikapu chako, niende sasa hivi!"

"Cha kuazima hakifai. Atakachokirudisha ndani ya kikapu changu kitakuwa changu mimi. Wataka Semeni awe wangu? Lazima kiwe chako, umekishona kwa mikono yako."

Looo! Mwanakheri, mtu asiyekaa hata kunywa chai, ashone kikapu! Na mtoto yuko mfukoni, anavundikwa kama ndizi!

Akapewa ukindu. Akaanza kuusuka ukili huku akienda mbio ua mzima, mara jikoni, mara mlangoni kutazama jua. Akamletea Bi Mize.

"Umeacha macho, kidole kinapita. Fumua."

Akafumua, akasuka tena.

"Hapa umelegeza. Fumua."

"Bi Mize, mwanangu atakufa!"

"Kikikatika na mtoto yumo, je? Fumua."

Akafumua mara ya tatu. Akalia, akasuka, akalia, akasuka. Siku ya pili ukili ukatoka, mpana na uliobana. Siku ya tatu ikabidi akae, maana kushona hakushoneki kwa kutembea. Akakaa. Miguu yake ilicheza yenyewe chini, lakini akakaa, sindano ikaingia, sindano ikatoka, mpaka kikapu kikasimama na mikono yake miwili. Jua lilikuwa limeshavuka mnazi wa mwisho. Akakaanga vitumbua kwa unga alioletewa na majirani, akavitia vikiwa moto, akavifunika kwa kawa, akatoka.

Dukani mifuko ilining'inia dari nzima, ikichakarika. Chakara, chakara, chakara. Mmoja ulikuwa umevimba, na chini yake vilionekana vidole vitano vya mguu, vidogo.

"Mama," sauti ikasema ndani ya mfuko.

Mwanakheri alitaka kuruka aupasue. Akajizuia. Akakazia macho kile kilemba.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, jirani. Umekuja na chombo?"

"Ninacho."

Zimwi akashtuka. Tangu afungue duka, hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

"Nimekuletea vitumbua," akasema Mwanakheri, akakiweka kikapu juu ya kaunta, akafunua kawa. Harufu ya iliki ikapanda.

Zimwi akala kimoja. Akala cha pili. Kilemba kikaanza kutikisika, na sauti ikatoka kisogoni, "Na mimi! Na mimi! Na mimi!" Akakivua kilemba bila haya, akawa analisha mdomo wa mbele na wa nyuma kwa mikono miwili, mpaka vikaisha. Akajifuta. Akashiba. Na aliyeshiba, wanangu, ulimi hulegea. Zimwi alikuwa amekaa Pitapita siku nyingi, ameshazoea maneno ya watu wake. Likamtoka lenyewe:

"Ahsante, jirani. Kikapu chako nitakurudishia."

Mifuko ikaacha kuchakarika.

"Nirudishie sasa hivi," akasema Mwanakheri.

Zimwi akakitikisa kikapu, makombo yakadondoka, akampa.

"Bwana. Kwenu mtu hurudisha chombo kitupu?"

Zimwi akatokwa jasho mbele na nyuma. Akatia sukari. Mwanakheri akaimwaga. Akatia tende. Mwanakheri akazimwaga. Akatia kitambaa cha hariri. Mwanakheri akakitupa chini.

"Mwenye chombo ndiye achaguaye. Nami nimemchagua Semeni."

Zimwi akanguruma kwa midomo yote miwili, lakini neno lilikuwa lake mwenyewe, limetoka kinywani mwake. Akautungua mfuko, akaufungua, Semeni akaangukia ndani ya kikapu. Amelainika kidogo mashavuni, basi, lakini mzima. Kikapu kikalia kee! Kikashika.

Mwanakheri akakinyanyua kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito. Jua lilibaki ukucha tu.

Hapo zimwi akabadili sauti, ikawa laini kama siku ya kwanza.

"Mtoto mzito huyu, jirani, na wewe una haraka. Kikapu kitakukatikia njiani. Chukua tu mfuko, umtie, ukimbie naye."

Mnajua mazoea? Mwanakheri miguu ilikuwa ikimwasha kukimbia. Mkono ukamwinuka wenyewe. Ulimi ukafika kwenye "Ahsa..." Akalimeza neno. Akamtazama Semeni, akaitazama ile misuko aliyoifumua na kuisuka tena kwa machozi.

"Sitaki," akasema. "Ninacho changu."

Zimwi akarudi nyuma kama aliyesukumwa. "Chukua tu," akasema. "Ninacho changu." "Chukua tu!" "Ninacho changu." Na kila alipojibiwa alipungua, akawa mwepesi, akawa mweupe, mpaka ndani ya kanzu hamkuwa na mtu, mlikuwa na kitu chembamba kinachochakarika. Upepo ukaingia mlangoni, ukakizoa pamoja na mifuko yote, na kila mfuko ukamwaga ulichokimeza, cherehani huku, mlango kule. Mbuzi hakuonekana. Siku zake tatu zilikuwa zimeshapita, na mwenyewe akamlilia barabarani mbele za watu.

Mwanakheri alitembea mpaka nyumbani. Hakukimbia. Semeni alitaka kuteremka acheze, akakataliwa, akalalamika njia nzima kwamba ukindu unamchoma mapajani, na mama yake akasema, "Na ukuchome."

Mpaka leo, mkipita penye miiba, mtaona kitu cheupe kimenasa, kinachakarika hata pasipo upepo. Ni yeye huyo. Anawauliza wapitao kama wamekuja na chombo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama ina tundu, zibeni wenyewe, mimi macho yangu hayaoni tena sindano. Lakini mlishike hili: ukitumwa dukani, toka na chombo chako mkononi. Mfuko wa bure una mwenyewe, na siku moja ataufuata.