Wageni wa Bi Mwanasha

Kila mavuno, tajiri Mbaruku alihamia na wanawe kwa Bi Mwanasha, mjane wa nduguye, wakala mpaka ghala likabaki tupu. Mwaka huo Bi Mwanasha akapangisha nyumba yake kubwa, akahamia kijumba kilichoenea kitanda na jiko tu, angalau aweke akiba.

Mbaruku akafika, akafoka mlangoni, "Shemeji, humu tutalala wapi?"

"Ndilo lililonikosesha raha, shemeji. Basi nikaona, nyumba yako kubwa na leo haina mtu. Wageni wangu wote watalala huko. Jioni watakuwa wamefika."

"Kwangu? Na ghala sikulifunga!"

Mbaruku akageuka mbio, wanawe nyuma.

Jirani akauliza, "Wageni gani hao, Bi?"

"Si hao wanaokimbia?" akajibu, akaepua chungu.