Pazia la Chumba cha Mama

Wa nyuma sogeeni mbele kidogo, viti vya mbele havina miiba. Leo sitaki kuanza na maneno makubwa. Nataka kuanza na cherehani. Ndiyo, cherehani, na akina baba msianze kusinzia, inawahusu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa na chumba cha ziada nyumbani kwake. Chumba kidogo tu, kitanda kimoja, dirisha moja linaloangalia upande jua linakochomoza. Alikuwa amekitenga kwa ajili ya mama yake mzazi, aliyebaki peke yake kijijini tangu baba afariki. Ungemuuliza mwanamke huyu anatamani nini duniani, asingekutajia gari wala safari. Angekwambia, "Natamani niamke asubuhi nimsikie mama yangu akikohoa chumba cha pili." Mnaijua hamu ya namna hiyo? Kutamani kusikia mtu akikohoa! Wanaoijua wanaijua.

Lakini chumba kilikuwa kitupu. Dirisha halina pazia, mito haina foronya, godoro halina cha kutandika. Na alikuwa amejiwekea nadhiri kwamba kila kitambaa cha chumba kile atakishona yeye mwenyewe. Mtaniuliza, mchungaji, mafundi wa mtaani wameisha? Hawajaisha. Ila alipokuwa mtoto, mama yake hakuwa na cherehani. Sare ya shule ya binti yake aliishona kwa sindano ya mkono, ameketi mlangoni akifuata mwanga, akikata uzi kwa meno, mpaka kidole kikaota sugu. Mtoto alikuwa akiiona sugu ile. Sasa amekuwa mtu mzima, akasema, mama yangu atalala katika chumba nilichomshonea mimi. Hilo ni kosa? Si kosa hata kidogo. Ni upendo.

Basi akaanza kutafuta cherehani ya bei anayoiweza. Katika duka la kwanza, mwenye duka akamuuliza, "Dada, unataka kushona nini?"

"Mapazia, foronya na tandiko la kitanda. Pazia nataka la kitambaa kizito, tena lenye bitana."

"Basi usihangaike. Chukua hii nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Haina mbwembwe, lakini kitambaa kizito inakipitisha, na bei yake haikuumizi."

Mwanamke akaipapasa, akazungusha gurudumu lake, likaitika vizuri. Kisha akaaga. Akasema ngoja nitazame na nyingine kwanza. Mnacheka nini? Mnajifahamu!

Duka la pili akaona ya umeme, ndogo, nyeupe, inapendeza kama birika jipya. Akaambiwa hiyo ni ya vitambaa vyepesi, ukiiwekea pazia lenye bitana itaruka mishono. Duka la tatu akaona inayotarizi maua yenyewe. Hapo moyo ukakwama. Akayaona yale maua kwenye foronya za mama yake. Bei haigusiki, lakini akasema, nitangoja ishuke.

Ikawa kila akitoka kazini anapitia pale, anasimama nje ya kioo cha duka, anaitazama. Akifika nyumbani anaingia katika kile chumba, anakaa juu ya godoro tupu, anapanga maua haya yakae wapi na yale yakae wapi. Alikuwa anamkumbuka mama yake mpaka kifua kinauma, na dawa ya maumivu yale alidhani iko dukani.

Na mama alikuwa anapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jana nimekuota. Eti, nije?"

"Bado kidogo, mama. Chumba hakijakaa sawa."

"Haya, mwanangu. Mimi nipo."

Siku nyingine akapiga tena. "Mwanangu, macho haya siku hizi yananichezea. Vifungo vya gauni navifunga kwa kupapasa."

"Pole, mama. Ukija huku tutakwenda kwa daktari wa macho."

"Sawa. Nije lini?"

"Bado, mama. Bado kidogo tu."

Mmelisikia lile neno? Lishikeni, tutalirudia.

Msimu wa mahindi ukapita, ukaja mwingine. Ile cherehani ya maua haikushuka bei. Siku moja akapita, akakuta nafasi yake iko wazi, ameinunua mtu mwingine. Alilia njiani bila kujali nani anamtazama. Kesho yake akarudi duka la kwanza, akachukua ile nyeusi ya kukanyaga, ileile aliyoonyeshwa tangu mwanzo.

Akashona. Na niwaambie, alishona kweli! Pindo limenyooka, bitana imelala, pazia zito la kijani ambalo ukilifunga hata jua la asubuhi halipiti. Foronya zikafanana nalo, na tandiko pia. Akapiga simu. "Mama, njoo! Chumba tayari!"

Mama akaja, ameshikwa mkono na jirani yake wa kijijini. Binti akadhani ni uchovu wa safari. Akampokea, akamwongoza mpaka chumbani, akafungua mlango, akasimama kando. Alikuwa anausubiri uso wa mama yake uchangamke. Ndicho alichokishonea.

Mama akasimama mlangoni. Akanyoosha mkono, akapapasa ukuta, akaufuata ukuta mpaka akafika kwenye pazia. Akalishika pindo, akalipitisha kati ya vidole vyake polepole mpaka mwisho.

"Umeshona wewe?"

"Mimi, mama."

"Mshono umenyooka. Ni la rangi gani, mwanangu?"

Binti akamtazama. Akamtazama tena. "Mama, huoni?"

"Bado naona mwanga," mama akasema. "Nyuso za watu ndizo zilizokwenda, kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nataka nije kabla hazijaniishia, niuone wako. Hebu sogeza hili pazia, linanizibia. Njoo ukae hapa dirishani, huenda nikapata hata kivuli chako."

Yule mwanamke akalishika pazia lake, lile alilolihangaikia maduka yote, akalivuta lote kando, akalipiga fundo. Akapiga magoti kwenye mwanga. Mama akamshika mashavu kwa mikono miwili, akauleta uso wake karibu kabisa, akawa anatafuta.

Walipokwenda kwa daktari wa macho, daktari aliwaambia kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitalindwa. Akauliza, mbona mmechelewa? Binti angesema nini? Kwamba alikuwa anachagua cherehani?

Sasa, lile neno. Binti alisema "bado", na mama naye akasema "bado". Neno ni lilelile. La binti lilimfungia mama mlango: subiri, wakati wako haujafika. La mama lilishika kile kilichosalia: mwanga bado upo. Sisi humu ndani tunalitumia lipi?

Sisi ni watu wa bado kidogo. Kaka yako anataka mpatane, unasema bado, ngoja nimalize nyumba kwanza nimwite kwa heshima. Mke anataka mkae mzungumze, bado, ngoja mambo yatulie. Yametulia lini? Na Mungu naye tunamfanyia hivyohivyo. Anabisha hodi, nasi tunamjibu kutoka ndani, bado Bwana, ngoja nitengeneze maisha kwanza, niache hiki, nipate kile, ndipo nitakufungulia. Nani alikwambia anakuja kukagua mapazia? Anakutaka wewe. Alikutaka tangu chumba kikiwa kitupu.

Hamu ya yule mwanamke ilikuwa ya kweli, wala simcheki. Lakini mama yake naye alikuwa na hamu, na ya mama haikuhitaji cherehani yoyote. Ilihitaji neno "njoo" tu, na neno hilo halina duka linaloliuza.

Wapo humu ambao hawana tena wa kumpigia simu. Hao siwasemi, naona wengine wanafuta macho tayari, Mungu awafariji. Nasema na wewe ambaye mtu wako bado yupo. Leo sala ya mwisho nitaifanya fupi. Ukitoka mlangoni hapo, kabla hujaanza kusalimiana na watu, toa simu, mpigie. Akikuuliza "nije?", usimweleze habari za chumba. Mwambie njoo.

Na kama dirisha halina pazia, vizuri zaidi. Atakuona.